Pampu ya maji inapovuja Tseikuru: Jinsi ya kutengeneza injini mahali ambapo mkono haupenyi

GARI linapochemka katika barabara ya kutoka Mwingi kupitia Kyuso hadi Tseikuru, kitu cha kwanza kukosekana huwa si fundi bali ni maji. Mito ya sehemu hiyo ya kaskazini mwa Kaunti ya Kitui hukauka kwa miezi mingi ya mwaka, na mtungi mmoja wa lita 20 huenda umepatikana kwa kufukua mchanga wa mto na kusubiri maji yajikusanye polepole. Dereva anayebisha mlangoni akiomba maji ya kutia kwenye rejeta, kwa hakika anaomba maji ya kunywa ya familia hiyo.

Hii ndiyo sababu kuvuja kwa pampu ya maji, hitilafu ambayo jijini Nairobi humalizwa kwa simu moja na saa chache za kusubiri, huwa jambo zito huku. Vipuri hutoka mjini Mwingi, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Garissa, au huagizwa kutoka maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, mtaa ambao wengi wangali wanauita Grogan. Fundi anayeaminika huenda ana magari mengine yanayomngoja. Nalo gari lililokwama mara nyingi ndilo linalotegemewa kubeba magunia siku ya soko, au kumkimbiza mgonjwa hospitalini usiku wa manane.

Si ajabu basi kwamba wenye magari wengi huamua kujitengenezea wenyewe. Wanafungua boneti, wanaiona pampu, au tuseme wanakiona kipande chake kidogo, kisha wanagundua kwamba baina ya injini na ubavu wa gari hakuna nafasi ya kupitisha hata kiganja. Hapo ndipo kazi inapogeuka kuwa mateso. Spana inaingia lakini haizunguki. Mkono unaingia lakini jicho halioni. Bolti inalegea, inaponyoka, na kutumbukia mahali ambapo hakuna anayejua.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo moja, kubadilisha pampu ya maji katika gari dogo ambalo injini yake imelazwa kwa upana, na mfano wetu ni Toyota Probox kwa kuwa ni vigumu kufika soko lolote la Ukambani bila kuiona. Jambo la msingi la kufahamu ni kwamba katika injini iliyobanwa namna hii, kazi yenyewe ni kutengeneza nafasi. Kufungua pampu ni sehemu ndogo tu. Anayeanza kwa kuihangaikia bolti ya pampu kabla ya kujitengenezea njia ya kuifikia, ndiye anayemaliza siku akiwa na vidole vilivyochubuka na bolti iliyokatika.

Magari hayakuwa hivi tangu mwanzo. Wazee wanaokumbuka mashindano ya Safari Rally ya miaka ya sitini wataikumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mwaka wa 1963 na kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Injini ya gari hilo ilikaa kwa urefu, ikielekea mbele, na pembeni mwake palikuwa na nafasi ya kutosha kwa mikono miwili na spana. Ndugu yake, Peugeot 504, aliyebeba abiria wa masafa marefu nchini kwa miaka mingi, alikuwa na mpango huo huo.

Mabadiliko yalitoka Uingereza. Baada ya mzozo wa Mfereji wa Suez wa mwaka wa 1956 kuleta uhaba wa petroli, kampuni ya BMC ilimtaka mhandisi wake Alec Issigonis abuni gari dogo lisilokula mafuta mengi. Gari hilo, Mini, lilitolewa mwaka wa 1959 likiwa na urefu wa takriban mita tatu tu. Ili kuwapa abiria nafasi, Issigonis aliigeuza injini ikalala kwa upana na kuiweka giaboksi chini yake. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1964, Mwitaliano Dante Giacosa aliihamisha giaboksi hadi ubavuni mwa injini katika gari lililoitwa Autobianchi Primula. Mpango huo wa Giacosa ndio ulioenea duniani kote, na ndio uliomo ndani ya Probox, iliyoanza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 2002.

Kwa hivyo nafasi anayoikosa fundi chini ya boneti ndiyo anayoifurahia abiria kwenye kiti cha nyuma. Injini na giaboksi zimejaza upana wote wa gari, na ile sehemu ambayo zamani ilielekea kwenye rejeta, yenye mikanda, puli na pampu, sasa inautazama ubavu wa kulia, karibu kugusana na bati lililo nyuma ya gurudumu. Tukitaka kuifikia tusitokee juu peke yake. Njia ipo ubavuni, kwenye gurudumu.

Lakini kabla ya kushika spana, ni vyema kuhakikisha kwamba ni pampu kweli. Maji yanayodondoka upande huo huweza kutoka kwenye mpira wa maji uliopasuka, kilipu iliyolegea, rejeta yenyewe au hata mfuniko wake uliochoka. Pampu nyingi zimeachiwa na mtengenezaji tundu dogo chini ya mhimili wake. Sili ya ndani inapokufa, maji hutokea kwenye tundu hilo na kuacha michirizi ya rangi, meupe au mekundu kulingana na kulanti iliyotumika. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ishike puli ya pampu uitikise. Ikicheza, au ikitoa sauti ya kukwaruza inapozungushwa baada ya mkanda kutolewa, basi beringi zake zimekwisha. Kuna watu waliobadilisha pampu nzima huku tatizo likiwa kilipu ya bei ya soda.

Kupoa kwenyewe si jambo la kupuuzwa. Mfuniko wa rejeta huyazuia maji kwa shinikizo linaloyawezesha kufikia nyuzi 120 hivi bila kuchemka. Anayeufungua mfuniko huo injini ikiwa moto analiondoa shinikizo hilo kwa ghafla, na maji ya moto pamoja na mvuke humrukia usoni. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kusikia joto kali. Katika jua la Tseikuru hiyo huweza kuwa zaidi ya saa moja. Wala usiendelee kuendesha gari likichemka kwa matumaini ya kufika. Injini ya Probox ya lita 1.5 imeundwa kwa aluminiamu, bloki na kichwa, na madini hayo hupinda upesi yanapozidiwa na joto. Kichwa kikishapinda, gasketi huungua, na gharama ya pampu huwa imegeuka kuwa gharama ya injini.

Wakati wa kununua pampu mpya, ni afadhali kupeleka ile ya zamani dukani ili zilinganishwe tundu kwa tundu, jambo ambalo bila shaka haliwezekani ikiwa gari limekwama na duka liko mbali. Hapo andika namba ya injini na mwaka wa gari, kwa sababu magari yanayofanana kwa nje huwa na injini tofauti. Nunua pia gasketi, mkanda mpya na kulanti. Vipuri bandia vimekuwa balaa nchini kiasi kwamba bunge lilipitisha sheria dhidi ya bidhaa ghushi mwaka wa 2008, lakini sheria haiwezi kusimama karibu nawe kaunta ya duka ilipo. Pampu nyepesi kupita kiasi, yenye kingo zenye makovu ya kukatwa vibaya au isiyozunguka kwa wororo, irudishe.

Sasa tuje kwenye kutengeneza nafasi. Liegeshe gari mahali tambarare na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Udongo wa sehemu hizi ni wa kichanga, na jeki iliyowekwa juu ya mchanga huzama au kuinama, kwa hivyo weka kwanza ubao mpana chini yake. Legeza nati za gurudumu la mbele la kulia gari likiwa bado chini, liinue, kisha uliwekee chuma cha kusimamishia au gogo nene lisilopasuka lililokatwa sawasawa. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Hakuna pampu yenye thamani ya mtu kulala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na hata gurudumu lililotolewa lisiachwe bure, bali lisukumwe chini ya gari ili liwe kinga ya mwisho.

Gurudumu likishatoka, utaona kifuniko cha plastiki ndani ya madigadi. Kikiondolewa, mwanga unaingia, na ile pampu iliyoonekana kwa juu kama kipande cha chuma gizani inaonekana karibu yote kutoka ubavuni. Huu ndio wakati ambapo mtu aliyekwisha kukata tamaa hupata moyo.

Tenganisha betri kwa kuanza na waya wa hasi. Weka beseni chini ya rejeta na ufungue maji yaliyosalia. Tafadhali usiyamwage chini. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu, na mbwa au mbuzi mwenye kiu atainywa bila kusita. Katika eneo ambalo mifugo hutembea sokoni na maji ni adimu, beseni lililoachwa wazi kwa dakika chache linatosha kuleta maafa, na mtoto mdogo haijui tofauti hiyo pia. Itie kwenye mtungi wenye mfuniko na uuweke mbali.

Mkanda unafuata. Kabla ya kuutoa, chora kwenye karatasi jinsi unavyopita juu ya kila puli, au upige picha kwa simu. Kisha, mkanda ukiwa bado umekaza, legeza kidogo bolti za puli ya pampu. Wengi huutoa mkanda kwanza, halafu wanashangaa puli inapozunguka pamoja na spana bila bolti kulegea. Mkanda uliokaza huishika puli kama mkono wa msaidizi.

Ikiwa hata baada ya hapo spana haipati nafasi ya kuzunguka, injini yenyewe inaweza kusogezwa, na hili ndilo jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Upande wa kulia injini imeegemea kishikizi chenye mpira, ambacho mafundi hukiita mauntingi. Weka jeki ya pili chini ya injini ikiwa na ubao mpana juu yake, kwani jeki ikigusa bakuli la oili moja kwa moja italibonyeza. Beba uzito wa injini kidogo tu, fungua mauntingi, kisha uishushe au uiinue injini taratibu kwa sentimita chache huku ukiangalia mipira na nyaya zisivutike. Bolti iliyokuwa imefichwa na bati sasa inatazamana na tundu la madigadi. Sentimita tatu hubadilisha kila kitu.

Bolti nyingi za magari ya Toyota katika sehemu hii ni za spana namba 10, 12 na 14. Namba 10 ndiyo hutumika zaidi na ndiyo hupotea zaidi, hivyo si ubadhirifu kuwa na mbili. Tumia soketi yenye pembe sita badala ya kumi na mbili, kwa kuwa ya pembe sita huikumbatia bolti yote na haiielekei kuila pembe zake. Kiungio kirefu, na kingine kinachopinda, ni vifaa vya lazima. Kioo kidogo kilichobandikwa kwenye kijiti humwonyesha mtu upande wa nyuma wa pampu ambao jicho halifiki. Pakaza grisi kidogo ndani ya soketi ili bolti isianguke unapoitoa, na utandaze kitambaa chini ya eneo la kazi ili inayoanguka isipotelee uvunguni. Sumaku ya spika iliyokufa, ikifungwa kwenye waya mgumu, huokoa nati nyingi.

Kuna bolti ambazo hazitaonekana kamwe, hata kwa kioo. Hizo hufunguliwa kwa kupapasa. Zima macho kwanza, uache vidole vihesabu: hapa kuna ukingo wa pampu, hapa mpira, hapa kichwa cha bolti. Ukishajua inakokaa, ingiza soketi kwa mkono bila mpini, hakikisha imekaa hadi mwisho, ndipo uunganishe mpini. Nusu ya bolti zinazoharibika huharibika kwa sababu soketi ilishika ncha tu na mwenye gari akavuta kwa hasira.

Na hasira katika kazi hii ni hitilafu kama hitilafu nyingine. Bolti iliyoshikwa na kutu haifunguki kwa sababu mtu amekasirika. Inyunyizie mafuta mepesi ya kulainisha kutu, igonge kichwa chake kidogo kwa nyundo ndogo, iache hata kwa nusu saa, kisha jaribu kuikaza kwa unywele mmoja kabla ya kuilegeza. Mwendo huo mdogo wa mbele huvunja kutu. Ikianza kuzunguka, ipeleke mbele na nyuma badala ya kuivuta kwa mkupuo. Ikikatika ndani ya aluminiamu, acha hapo hapo. Kuitoboa kwa mkono gizani kutaiharibu bloki, na fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu huweza kuitoa kwa kuunganisha nati juu ya kisiki chake. Gharama yake ni ndogo kuliko ya injini.

Pampu ikishatoka, safisha uso wake wa kukalia hadi usionekane mabaki ya gasketi. Usitumie patasi wala bisibisi kukwangua, kwa maana aluminiamu ni laini na mkwaruzo mmoja huwa njia ya maji. Kipande cha plastiki ngumu au ubao uliochongwa hufanya kazi bora. Bolti zote zirudishwe kwa vidole kwanza, kila moja izunguke mara kadhaa bila spana. Isiyokubali kuingia kwa vidole imeshika hesi vibaya na haitarekebishwa kwa nguvu. Baada ya hapo zikaze kidogo kidogo kwa kupishana, moja huku na nyingine upande wa pili, ili gasketi ibanwe sawasawa. Rudisha mauntingi kabla ya kuitoa jeki ya injini, kisha urudishe puli na mkanda. Mkanda ukilegea mno utapiga kelele na kuteleza, na ukikazwa mno utaziua beringi za pampu mpya ndani ya muda mfupi.

Suala la maji ya kutia lina uzito wake hapa Kitui. Visima vingi vya sehemu kame za kaunti hiyo hutoa maji ya chumvi, na chumvi ndani ya injini huacha ukoko kwenye mishipa ya rejeta na kuila aluminiamu. Tumia kulanti iliyochanganywa kiwandani, au uichanganye na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa na kuchujwa. Mtungi mmoja wa maji ya mvua uliohifadhiwa kwa ajili ya gari una faida kubwa kuliko mitungi kumi ya kisima.

Tia maji polepole, mfuniko ukiwa wazi na kipasha joto cha ndani ya gari kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, kisha uwashe injini na kuiacha ingurume. Hewa iliyonaswa itatoka kwa mapovu na maji yatashuka, nawe utaendelea kujaza. Ngoja hadi feni ya rejeta iwake yenyewe. Feni isipowaka, usilaumu pampu, bali chunguza fyuzi na waya zake.

Wapo mafundi ambao, gari likichemka, huitoa themostati na kuitupa wakidai ni kifaa cha nchi za baridi. Dai hilo halina msingi. Bila themostati injini huchelewa kufikia joto linaloifaa, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema, na chanzo cha kuchemka hubaki pale pale kikisubiri mlima wa kwanza.

Ni haki pia kusema mahali ambapo mwenye gari anapaswa kuweka spana chini. Probox ya lita 1.5 hutumia mnyororo wa ndani kuendesha vali, hivyo mkanda wa nje ukitolewa mpangilio wa injini hauvurugiki. Injini nyingine, ikiwemo ile ya dizeli ya 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi zinazohudumu maeneo kame, huendesha vali kwa mkanda, na kosa la meno machache wakati wa kuurudisha hufanya pistoni kugonga vali. Hiace nazo zina injini chini ya viti vya mbele, na kufika kwenye upande wa mikanda yake ni safari ya namna nyingine. Kazi hizo zinahitaji mtu aliyezifanya mbele ya fundi, si aliyezisikia.

Kwa aliyefaulu, gari lisiende mbali siku hiyo. Lizungushwe sokoni, kisha liegeshwe juu ya kipande cha katoni kikavu usiku kucha. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua katoni hiyo kwa matone, fungua mfuniko wa rejeta utazame kiwango cha maji, na upitishe mkono kwenye mkanda. Baada ya safari ya kwanza ya kwenda Kyuso na kurudi, rudia ukaguzi huo huo, na ukaze tena nati za gurudumu la kulia.